Siku Tisa za Kuniombea Viza

Ujumbe wa wakala wa ajira ulinikuta juu ya kilima kilicho nyuma ya shamba letu, Murusagamba, mahali ambapo watu wote wa kitongoji chetu hupanda wakitaka mtandao. Kuna jiwe pana pale, limekuwa laini kwa kukaliwa. Nilikuwa nimekaa juu yake tangu saa tatu asubuhi. Simu ikalia, nikafungua, nikasoma: kampuni haitaongeza mkataba wangu, viza mpya haitatolewa, wananishukuru kwa utumishi wangu, wananitakia kila la heri.

Nikausoma mara ya pili ili nihakikishe hakuna neno nililoliruka. Nikacheka kwa sauti. Nikaziba mdomo kwa kiganja na kutazama huku na huku, nisije nikawa nimeonwa, maana chini ya kilima kulikuwa na nyumba kama kumi na mbili, na hapakuwa na nyumba ambayo ndani yake hakuna mtu anayeniombea nirudi Uarabuni.

Nilikuwa nimefanya kazi katika nchi moja ya Ghuba kwa miaka minne, mikataba miwili ya miaka miwili miwili, bila kuja nyumbani katikati. Watu wakisikia hivyo hutegemea moja kati ya hadithi mbili. Ama ni mtu aliyefanikiwa, amerudi na gari, ama ni mtu aliyeteswa na kunyang'anywa pasipoti. Mimi sikuwa na hata moja. Mshahara ulikuja kila mwezi. Msimamizi wetu, mzee wa Kihindi aliyependa pipi, hakuwahi kunitukana. Chakula kilitosha. Ndiyo maana nilishindwa kumweleza mtu yeyote kwa nini sikutaka kurudi.

Kazi yangu ilikuwa ndani ya ghala la barafu. Nje kulikuwa na jua la jangwani. Ndani, ukishapita mapazia mazito ya plastiki, kulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Tulipanga makatoni ya kuku, maelfu ya kuku wagumu kama mawe, waliotoka nchi ambazo sitazifikia maishani. Tulivaa suruali mbili, koti nene, kofia ya kufunika masikio na glavu mbili mbili. Tulikaa ndani dakika arobaini, tukatoka robo saa kupasha mwili, tukarudi tena. Kule kutoka kwenyewe kulikuwa adhabu nyingine. Joto lilikupiga usoni kama umefungua tanuri la matofali, barafu ya kwenye nyusi ikayeyuka na kukutiririkia machoni, na jasho likaanza kukutoka kabla vidole havijapata joto. Mara kumi kwa siku. Na mimi nimezaliwa kwenye vilima ambavyo asubuhi ya mwezi wa saba mtu hujifunika kitenge cha mama yake akaona imetosha.

Mwaka wa tatu, vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto viliacha kuhisi. Havikuuma. Vilikuwepo tu, kama vya mtu mwingine niliyemshika mkono. Nilimwonyesha msimamizi, akanipa glavu mpya.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vya kupandiana, tulilala watu wanane. Kitanda cha chini yangu alilala Mkenya mmoja wa magharibi, mtu mzima, ambaye alikuwa ameshakaa kule miaka kumi na saba. Yeye ndiye niliyezungumza naye Kiswahili. Alinicheka sana kwa l na r zangu. Kwetu Kihangaza ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili tulikipata shuleni, na nikichoka herufi hizo mbili hubadilishana viti. Nikisema nakwenda kula, yeye aliniuliza nampigia kura nani.

Kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, Mkenya huyo alimpigia simu mke wake. Mwanzoni nilidhani wamegombana, kwa sababu hakuna aliyesema neno. Simu iliwekwa juu ya mto, na yeye akalala ubavu karibu nayo, macho yamefumbwa. Baada ya wiki kadhaa nilimuuliza.

"Mnazungumza nini?"

"Hatuzungumzi," akasema. "Tulimaliza ya kuzungumza zamani. Anaweka simu jikoni, anapika. Mimi nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Sufuria," akasema. "Watoto wakipita. Mlango. Leo anakaanga kitu, sijui ni nini. Nitamuuliza baadaye."

Hakuna siku niliyoogopa kule kuliko siku ile. Nilipanda kitandani kwangu nikahesabu. Binti yangu alikuwa na miaka miwili nilipoondoka. Alipojifunza kuongea, alijifunza kwamba baba ni simu. Mke wangu aliniambia kwamba siku moja simu ilipoisha chaji, mtoto alilia akisema baba amekufa.

Kifo cha kweli kilikuja mwaka huo huo wa tatu. Baba yangu alianguka shambani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Habari zilitumwa wakati mimi niko ndani ya ghala, na simu zetu zilifungiwa kabatini nje. Nilizipata jioni. Msimamizi alinipa pole na pipi, akaniambia mkataba hauruhusu kusafiri kabla ya muda. Kesho yake baba mdogo, yaani mdogo wake baba anayekaa Nyamahanga upande wa Biharamulo, alishika simu juu ya kaburi ili nione mazishi. Mtandao ulikuwa unakatika. Niliona nyasi, kisha viatu vya katekista, kisha udongo mwekundu, kisha hakuna. Hicho ndicho nilichozika.

Mkataba wa pili ulipoisha nilirudi nyumbani kwa likizo ya kusubiri. Utaratibu wa baada ya miaka minne ulikuwa huo: unarudi kwenu miezi miwili, kampuni inaomba viza mpya, wakala anakuita Dar es Salaam, unapanda ndege. Nilishuka kwenye basi Nyakanazi nikiwa na begi kubwa na blanketi la manyoya kwa ajili ya mama, nikamalizia safari kwa pikipiki katika tope. Nilipofika, binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alinisalimia vizuri sana. "Shikamoo," akasema, kama anavyomsalimia mwalimu, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba.

Siku ya nne nilikuwa nachambua maharage na mke wangu kwenye ungo. Yeye alikuwa anatoa mawe huku anatazama pembeni, vidole vyake vinajua kazi. Mimi nilikuwa natumia macho. Nilipojaribu kwa mkono wa kushoto, niliacha mawe na kutupa maharage. Aliona. Aliushika ule mkono akaubonyeza kidole kimoja kimoja.

"Hapa?"

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Hapo nahisi kidogo."

Aliendelea na maharage. Mimi nilitaka aseme usirudi, na nadhani yeye alitaka niseme sirudi, lakini nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake ilikuwa imeezekwa bati kwa kazi ile, na kila mtu aliyepita njiani alisalimia kwa kuuliza, "Unaondoka lini?" Sikuwa mtu wa kuja. Nilikuwa mtu wa kuondoka ambaye bado hajaondoka.

Wiki zikapita bila habari za viza. Hapo ndipo jumuiya yetu ndogo ndogo, familia za Kikatoliki za kitongoji chetu, ikaamua kuniombea. Mwenyekiti wa jumuiya ni bibi mmoja mwembamba, jirani yetu, ambaye akiamua jambo limeamuliwa. Alikuja nyumbani na kumtangazia mama kwamba wataanza novena, siku tisa mfululizo, kila jioni hapa hapa uwanjani kwetu.

Walikuja kweli. Walitoka shambani na majembe, wakayaegemeza kwenye mgomba, wakanawa mikono, wakakaa kwenye mikeka na kutoa rozari mifukoni. Siku ya tano ilinyesha na walikuja vilevile, tukabanana sebuleni. Ilipofika zamu ya nia, yule bibi alisema kwa sauti yake ya kupanda, "Tumwombee kijana wetu, apate kurudi kazini kwake salama. Ee Bwana." Wote wakaitikia, "Utusikie." Nami niliitikia. Mdomo wangu uliitikia pamoja nao, na moyo wangu ukasema, Tafadhali, usiwasikie.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Watu wenye migongo inayouma walikuwa wamepiga magoti kwenye saruji kwa ajili yangu, nami nilikuwa nabomoa sala yao kutokea ndani.

Novena iliisha Jumamosi. Ujumbe wa wakala ulikuja Jumanne.

Pale juu ya kilima nilikaa mpaka uso wangu ukatulia. Nilijaribu kuwaza mambo ya huzuni. Nikashuka polepole, kichwa kimeinama, nikamkuta mama na mke wangu wakimenya ndizi. Nikawaambia. Mama akaweka kisu chini. Mke wangu akasema, "Basi, pole," akaendelea kumenya.

Mchana huo nilikula sahani mbili za ndizi na maharage, nikaomba nyongeza.

Habari zilienea kabla ya jioni. Watu wakaanza kuja kunipa pole, kama mtu aliyefiwa. Mmoja alileta kuku. Mwingine alileta dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukanywa naye kimya kimya huku akitikisa kichwa. Yule bibi mwenyekiti alinishika mabega akasema nisikate tamaa, Mungu ana njia zake, na machozi yakamtoka. Na mimi nikainamisha uso, kwa sababu nikimtazama ningecheka au ningelia, na vyote viwili vingekuwa vya uongo kwake.

Siku ya tatu nilikuwa shambani napogoa majani ya migomba na mke wangu. Ghafla akasimama.

"Unapiga mluzi," akasema.

"Mimi?"

"Tangu asubuhi."

"Sikujua."

Alifuta panga kwenye nyasi. "Haya," akasema, akaenda mstari mwingine. Lakini niliona kwa mabega yake kwamba anacheka.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi watu wasahau. Lakini Jumapili, tulipotoka kanisani, tulimkuta baba mdogo amekaa uwanjani kwetu, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Nyamahanga. Yeye ndiye aliyehangaikia safari yangu ya kwanza kwa kila hali, na tangu baba afariki alijiona yeye ndiye baba.

Nilimsalimia, "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa chini. Nimekuja na habari njema."

Alitueleza huku anatabasamu. Alikuwa amempata mtu, na mtu huyo anamjua wakala mwingine, na wakala huyo anapeleka watu nchi nyingine ya jirani na ile ya kwanza. Wanatafuta wenye uzoefu wa maghala ya baridi. "Wenye uzoefu!" akarudia, akinigusa goti. "Huyo ni wewe. Nina dume langu moja, lile jeusi. Jumatano linakwenda mnadani, na mwezi ujao unapanda ndege."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha mgeni mkononi. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilisikia sauti ya mwiko ikikoma.

Nililijua lile dume. Nilikuwa nimeliona likiwa ndama. Uongo wangu ulikuwa haujamgharimu mtu kitu ila kuku mmoja, dumu la rubisi na machozi ya bibi, na sasa ulikuwa unaelekea mnadani.

"Baba mdogo," nikasema, "usiliuze."

"Usinionee huruma. Ng'ombe ni wa kazi hiyo."

"Sikuonei huruma. Sitaki kwenda."

Alidhani hajasikia. "Hutaki nchi hiyo?"

"Sitaki nchi yoyote. Viza iliponyimwa nilifurahi. Nilicheka kule juu kilimani. Nimewadanganya wote."

Baba mdogo alikung'uta vumbi magotini. Kisha akaanza kuniuliza taratibu, kama polisi mpole.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walikunyima mshahara?"

"Hapana."

"Walikukataza kusali?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Nikamwambia habari za baridi. Alisikiliza, kisha akacheka kwa hasira. "Baridi! Mwanaume anaacha kazi kwa sababu ya baridi? Hata hapa Ngara kuna baridi. Umeme ukiwaka mjini, watu wananunua mafriji wapate hiyo baridi, wewe unaikimbia!"

Nikamweleza habari za Mkenya anayesikiliza sufuria. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele. Niliona haimwingii. Kwake mtu anayepata nafasi ya kusikiliza sufuria kila Ijumaa alikuwa hana shida.

Ndipo mama akatoka mlangoni. Aliweka kikombe mbele ya shemeji yake, akakaa kwenye kigoda, akazungumza Kihangaza, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha.

"Nilimzika mume wangu," akasema, "na mwanangu wa kwanza alikuwa ndani ya simu. Ulikuwepo. Siku yangu ikifika, mimi nitazikwa na nani? Na simu?"

Baba mdogo alishika kikombe bila kunywa. Kuku alipita katikati yetu akidonoa. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Ni mimi niliyeishika ile simu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilidhani hukuona kitu."

"Niliona udongo," nikasema.

"Nilikuwa najaribu kukuonyesha jeneza."

"Najua, baba mdogo."

Alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto. Mke wangu akatoka na chakula, akanawisha mikono ya wote, na tukala. Hakuna aliyetaja safari tena. Pumzi niliyoishusha pale tulipokula, nadhani nilikuwa nimeibana tangu nilipopita yale mapazia ya plastiki mara ya kwanza. Nilisikia njaa. Nilisikia usingizi. Nilihisi ladha ya chumvi.

Sitasema baba mdogo alifurahi. Asubuhi yake, akiwa anafunga kofia ya pikipiki, aliniambia, "Kule Nyamahanga kila mtu anajua mtoto wangu yuko nje. Nitawaambia nini?"

"Waambie mkataba umekwisha."

Akafikiri. "Ni kweli, umekwisha," akasema. "Hilo naweza kulisema." Akawasha pikipiki. Mwezi uliofuata alituma mihogo mikavu gunia zima, bila ujumbe wowote.

Kwa yule bibi mwenyekiti nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta anaanika maharage. Nilimsaidia kuyatandaza, na nilipokosa njia nzuri ya kuanza nikasema tu: zile siku tisa, bibi, mlipokuwa mnaomba nirudi, mimi nilikuwa naomba nisirudi.

Alisimama wima, mikono kiunoni.

"Siku zote tisa?"

"Zote."

"Hata ile ya mvua?"

"Hata hiyo."

Alinitazama kwa ukali mpaka nikaogopa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Sisi tulikuwa watu ishirini na tatu," akasema, "na rozari, na nyimbo. Na Mungu akakusikiliza wewe mmoja uliyekaa kimya! Mwezi wa kumi mvua zikichelewa, utaomba wewe." Akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo hukumbusha habari hiyo kila tunapokutana jumuiya, na watu hucheka, nami nimezoea.

Maisha si mepesi. Nyumba ina chumba kimoja ambacho hakijapigwa plasta, na sijui kitapigwa lini. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba ya baba wakati sipo, ikanibidi kung'oa robo ya shamba na kupanda upya, na kwa miezi kadhaa tulikula mihogo zaidi ya ndizi. Kuna siku za mwisho wa mwezi ambapo mkono wangu hushika simu wenyewe, kutazama kama mshahara umeingia. Mke wangu, ambaye kwa miaka minne aliamua kila kitu peke yake, aliniambia waziwazi kwamba ilimchukua muda kukumbuka kuniuliza. Tuligombana kuhusu mbegu, kuhusu mahali pa kujenga banda la mbuzi, kuhusu binti yetu kulala saa ngapi. Nilipenda hata ugomvi wenyewe. Tuligombana tukiwa tumesimama mahali pamoja.

Binti yetu aliacha kunipa shikamoo ya mwalimu taratibu, sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka tu siku aliponiletea mguu wake nitoe mwiba, akauweka mapajani mwangu bila kuuliza, akaendelea kuzungumza na mama yake mambo mengine kabisa.

Msimu uliopita watu wa kijiji waliitwa ofisini kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu wanataniana. Nilipofika mezani, ofisa kilimo, kijana mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Bugarama, aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Kazi?"

"Mkulima."

"Unaishi hapa au ni mgeni?"

"Naishi hapa."

Akaandika, akamwita wa nyuma yangu.